Barua kwanza: maneno kwa wafanyakazi wa kiwandani kuhusu likizo ya uzazi

Mwenyekiti wa tawi, mama zetu wa kamati ya wanawake, ndugu wafanyakazi wenzangu. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Najua shifti ya mchana ndiyo kwanza imetoka, wengine hata maji hamjanywa, na wenzenu wa usiku wanatakiwa wawe kwenye mashine saa mbili. Kwa hiyo historia ya chama chetu cha wafanyakazi tutaisoma siku nyingine. Nimeitwa nizungumzie likizo ya uzazi, basi niingie humohumo.

Nimekaa kwenye uongozi wa chama muda mrefu, na mashauri ya uzazi yaliyopita mikononi mwangu ni mengi. Machache sana tuliyashindwa kwa sababu sheria ilikuwa kimya. Mengi tuliyashindwa kwa sababu dada hakuwa na karatasi. Mwajiri anasema hakuambiwa. Dada anasema alimwambia msimamizi wake, tena mbele ya watu. Msimamizi ameshahamishiwa mkoa mwingine, na hao watu waliokuwepo wana familia za kulisha, hawakumbuki kitu. Msuluhishi anauliza: barua iko wapi? Hapo ndipo chumba kinapokuwa kimya. Kwa hiyo leo mtanisikia nikitaja barua mpaka mchoke, na mkichoka nitaitaja tena.

Sheria yenyewe haina urefu wa kutisha. Ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana ya kwao. Kifungu cha uzazi ni cha 33. Asiye na daftari akiandike kiganjani. Kinasema mwajiriwa wa kike ana haki ya likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84, na akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo, siku 100. Haki hiyo inakwenda kwa mzunguko wa miezi 36. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, Mungu apishe mbali, mama ana haki ya siku 84 nyingine za uzazi ndani ya mzunguko huohuo, asisubirishwe mpaka miezi 36 iishe. Na mwajiri analazimika kulipia likizo hizi mara nne. Ya tano mtaelewana wenyewe.

Hizo siku ni za kalenda. Jumapili imo, Idd imo, Krismasi imo. Ni wiki 12. Likizo yako ya mwaka, zile siku 28, haimo humo. Kuna mabosi wanapenda kumwambia mama aliyerudi kazini, "Wewe si umeshapumzika mwaka huu?" Aliyewahi kuamka saa tisa usiku na mtoto mwenye mchango anajua kama hiyo ni mapumziko. Likizo ya mwaka idaini kando.

Niseme kidogo juu ya hiyo 84, maana watu huidhania ni namba ya ukarimu. Mwaka 1919, Shirika la Kazi Duniani lilipokutana kwa mara ya kwanza kule Washington, lilipitisha Mkataba Namba 3 uliompa mama mfanyakazi wa kiwandani wiki 12. Mwaka 1919! Wajerumani ndio kwanza wametolewa Tanganyika. Mwaka 2000 shirika hilohilo likapitisha mkataba mwingine, Namba 183, ulioipandisha kufikia wiki 14, yaani siku 98. Sisi tumebaki na wiki 12. Kenya sheria yao ya mwaka 2007 inasema miezi mitatu. Rwanda tangu 2023 wako kwenye wiki 14. Na sisi wenyewe, ukienda kliniki, nesi anakwambia mtoto asionje kitu chochote zaidi ya maziwa ya mama mpaka afikishe miezi sita. Nesi yuko sahihi, ndivyo wataalamu wa afya duniani wanavyoelekeza. Lakini serikali ileile iliyomweka nesi pale inamrudisha mama kazini mtoto hajafikisha miezi mitatu. Hiyo miezi mingine ya katikati mtoto anyonye wapi? Nitalirudia swali hilo baadaye, kwa sababu sheria imelijibu nusu.

Sasa barua.

Kifungu cha 33 kinataka umpe mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makisio, na taarifa hiyo iwe na cheti cha daktari. Piga hesabu. Mimba ni wiki 40. Ukitoa miezi mitatu unabaki na wiki 27 hivi. Maana yake mimba ikiingia mwezi wa saba, barua iwe imeshafika ofisini. Na hapa ndipo dada zetu wengi wanapoangukia, kwa sababu ninazozijua na ambazo sizicheki. Anaficha. Anafunga kanga ndani ya ovaroli, anavaa sweta Februari, joto la Dar es Salaam hilo, ili mkataba uongezwe kwanza ndipo tumbo lionekane. Namwelewa. Lakini kila wiki anayoficha inampunguzia ulinzi. Mwajiri asiye na taarifa ya maandishi akikuachisha kazi, atasema hakujua. Mwajiri mwenye barua yako yenye mhuri wake hawezi kusema hivyo.

Barua ni nusu ukurasa. Juu andika jina lako, namba yako ya kazi, idara na tarehe. Halafu: "Kwa mujibu wa kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, natoa taarifa kuwa ni mjamzito. Tarehe ya makisio ya kujifungua ni hii. Nakusudia kuanza likizo ya uzazi tarehe hii. Nimeambatisha cheti cha daktari." Unaweka sahihi, umemaliza. Nimeshaletewa barua za kurasa mbili zinazoanza na "kwa unyenyekevu mkubwa" na kumalizika na "naomba radhi kwa usumbufu." Usumbufu gani? Sijui nani alitufundisha kumwomba mwajiri msamaha kwa kupata mtoto. Toa taarifa, funga bahasha.

Kadi ya kliniki inayo tarehe ya makisio, lakini usiitegemee peke yake; mwombe daktari au mganga wa kituo akuandikie cheti chenye mhuri. Toa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inagongwa mhuri wa kupokelewa, inaandikwa tarehe na jina la aliyepokea, unaondoka nayo. Kabla hujaikunja ipige picha kwa simu, umtumie mume, dada yako, au katibu wa tawi. Simu huibiwa, nyumba huingia maji, lakini picha iliyotumwa kwa watu watatu haipotei kirahisi. Na kama ofisini wanakataa kugonga mhuri, msibishane nao dirishani. Njooni kwa kiongozi wa tawi, tutakwenda wawili, au tutaituma kwa rejista posta na risiti tutaitunza.

Mama mmoja ameniuliza pale mlangoni kama aliyechelewa kutoa taarifa amepoteza likizo. Mimi sijaona mahali kwenye kifungu hicho palipoandikwa kwamba aliyechelewa anyimwe. Toa taarifa leo, hata kama umebakiza mwezi. Lakini usiufanye huo ndio mpango wako, maana aliyechelewa anakwenda kujieleza, na aliyewahi anakwenda kuonyesha mhuri.

Likizo unaweza kuianza wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya makisio, au mapema zaidi kama daktari ameandika kuwa afya yako au ya mtoto aliye tumboni inahitaji hivyo. Na hapa kuna hesabu kila mjamzito wa kiwanda hiki anaifanya kichwani akiwa amesimama kwenye laini. Ukitoka wiki nne kabla, siku 28 zimekwenda, unabaki na 56 za kukaa na mtoto, wiki nane. Ukivumilia mpaka uchungu ukukute kazini, unabaki na zote 84. Ndiyo maana tunaona wanawake wana tumbo la wiki 39 wanabeba maboksi. Watu wanawasifu: "Huyu mama mchapakazi!" Si uchapakazi, anamwekea mtoto wake akiba ya siku. Na sheria iliyoweka siku zote kwenye kapu moja ndiyo inayomsukuma kufanya hivyo. Mimi nasema: mwenye presha, mwenye miguu iliyovimba, aliyewahi kutoka damu, asifanye hesabu hiyo. Daktari akuandikie, utoke.

Kurudi nako kuna mpaka wake. Mama haruhusiwi kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, mpaka daktari athibitishe kuwa anaweza. Wiki sita ni siku 42. Bibi zetu walisema arobaini, na hawakuwa na kifungu chochote. Mzazi alikaa ndani, akakandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga, na kule Kilimanjaro akapikiwa mtori mpaka akanawiri. Wakati mwingine sheria inafika mahali bibi alishafika zamani. Lakini nimeona mzazi anapigiwa simu siku ya 20: "Njoo tu utuonyeshe faili liko wapi." Anakwenda, anakaa mpaka saa kumi. Kesho yake tena. Dada, usiende. Ukiombwa kwa simu, jibu kwa ujumbe wa maandishi kwamba uko ndani ya wiki sita, na ujumbe huo utunze. Ukirudi baada ya likizo, unarudi kwa masharti yaleyale uliyoyaacha. Ulikuwa kwenye ubora wa bidhaa, hurudishwi kufagia.

Kazi za usiku nazo. Kwa sheria yetu usiku ni kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mjamzito hapangiwi usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya makisio, na kabla ya hapo akileta cheti cha daktari. Aliyejifungua hapangiwi usiku kwa miezi miwili baada ya kuzaa. Msimamizi anayepanga ratiba ubaoni hapo nje ayajue haya, maana ratiba yake inaweza kuwa kielelezo kwenye shauri. Na kazi yenye hatari kwa mama au mtoto, mnazijua wenyewe, kule kwenye kemikali za kupaka rangi na kule kwenye mizigo, mjamzito au anayenyonyesha asiwekwe; mwajiri amtafutie kazi nyingine inayofaa pale inapowezekana, na malipo yasishuke.

Sasa lile swali la maziwa. Sheria inasema mama anayenyonyesha aruhusiwe kumnyonyesha mtoto saa za kazi, mpaka saa mbili kwa siku. Hili ndilo jibu nusu nililolisema. Saa zipo, mahali hapapo. Nitawaambia nilichokiona katika sehemu moja ya kazi, ambayo siitaji. Mtoto analetwa na dada yake kwa bodaboda saa sita mchana. Mlinzi hamruhusu kuingia ndani, ana maelekezo yake. Mama anatoka mbio na kofia ya mtandio kichwani, anaingia kwenye kibanda cha mlinzi, anakalia ndoo iliyogeuzwa, anageukia ukutani. Mlinzi, kijana mstaarabu, anasimama nje kwenye jua akiwapa mgongo. Magari ya mizigo yanapiga honi getini. Mtoto anashtuka, anaachia ziwa, analia. Dakika kumi zimekwenda. Msimamizi anampigia simu. Anarudi ndani maziwa yamejaa, baada ya saa moja ameloa kifuani, anakwenda chooni kukamua na kumwaga. Anamwaga chakula cha mtoto kwenye sinki la choo, na nyumbani mtoto anapewa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji.

Ninachowaomba viongozi wa tawi mkipeleke kwenye mkataba wa hali bora, yaani ule wa pamoja kati ya chama na mwajiri, na mwajiri hatafilisika kwa hicho: chumba kimoja kidogo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, kiti chenye egemeo, maji ya kunawa, na friji ndogo ya kuwekea maziwa yaliyokamuliwa. Kenya wameliandika hilo kwenye Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017, kwamba mwajiri aweke sehemu ya kunyonyeshea. Sisi tunaweza kulipata kwa majadiliano hata kabla Bunge halijaliandika. Na zile saa mbili mama achague na mwajiri wake wazitumieje. Anayekaa Mbagala na kufanya kazi Ubungo haletewi mtoto mchana. Huyo anafaa aingie saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema. Wakikubaliana, iandikwe. Mnaona, barua imerudi.

Jambo la watoto njiti niliseme kwa furaha, kwa sababu lilidaiwa muda mrefu, na kwenye sherehe za Mei Mosi lilikuwa halikosi. Zamani mama aliyejifungua mtoto wa wiki 31 alikuwa anaanza kuhesabiwa siku zake 84 palepale. Mtoto yuko kifuani kwa mama kwenye wodi ya kangaroo, kilo moja na kitu, na likizo inayeyuka humohumo wodini. Anaruhusiwa nyumbani, zimebaki siku chache. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamelitazama hilo: muda uliobaki kufikia wiki 40 za ujauzito unaongezwa kwenye likizo. Kwa huyo wa wiki 31, wiki tisa zinaongezeka, siku 63. Jumlisha na 84, ni siku 147. Waajiri wengi bado hawajalisikia, au wanajifanya hawajalisikia. Mama wa njiti aombe wodini maandishi yanayoonyesha mimba ilikuwa na wiki ngapi siku aliyojifungua. Bila karatasi hiyo hakuna wa kuzihesabu zile wiki tisa.

Nije kwa mikataba, maana hapa ndipo penye ujanja mwingi. Binti ana mkataba wa mwaka mmoja. Umeongezwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hana hata barua moja ya onyo. Mara ya nne tumbo limetokeza, anapewa barua fupi ya kistaarabu: mkataba wako umefika mwisho, tunakutakia kila la heri. Hawajataja mimba popote, na hawatataja. Wengi wanakunja hiyo barua wanakwenda zao, wakiamini mkataba ukiisha umeisha. Sheria inasema kutokuongeza mkataba wa muda maalum, pale mwajiriwa alipokuwa na matarajio ya msingi kwamba ungeongezwa, kunahesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Na kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito si sababu halali hata siku moja. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu yake ilikuwa halali. Kwa hiyo zile barua tatu za kuongezewa mkataba, ambazo mliziona hazina maana na mkafungia sukari, ndizo ushahidi wenu. Ukikuta wenzako watano uliokuwa nao wameongezewa na wewe peke yako umeachwa, hilo nalo andika majina na tarehe.

Lakini angalia saa. Shauri la kuachishwa kazi linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Mashauri mengine, kama kunyimwa malipo ya likizo ukiwa bado kazini, siku 60. Nimeletewa wazazi miezi minne imepita. Alikuwa mjamzito, akajifungua kwa upasuaji, akauguza kidonda. Sababu zake ni za kweli kabisa. Inabidi kwanza tuombe kuongezewa muda, na maombi hayo yanaweza kukubaliwa au kukataliwa. Siku ukipewa barua, njoo na barua. Hata usiku njoo.

Na binti anayeomba kazi naye analindwa. Kwenye usaili ukiulizwa "una mpango wa kuzaa lini," au ukapelekwa ukapimwe mkojo kabla ya kupewa mkataba, ujue ubaguzi kwa misingi ya ujauzito umekatazwa kwa kifungu cha 7, na mwombaji wa kazi yumo.

Kaka zangu mliokaa nyuma mnachekacheka tangu nianze, zamu yenu hii.

Kifungu cha 34. Baba ana siku 3 zenye malipo. Lazima zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Na sheria imefafanua kwamba hizo 3 ndizo jumla yako katika mzunguko wa miezi 36, hata ukipata watoto wangapi humo ndani. Kenya baba ana wiki mbili. Rwanda siku saba. Uganda siku nne za kazi. Tumewashika mkia majirani wote hao. Mkeo akijifungua kwa upasuaji, siku ya tatu mara nyingi bado yuko wodini anajifunza kusimama. Likizo yako imekwisha, yeye hajaona mlango wa nyumba. Kwa hiyo nawapa ujanja halali: msizianze siku ya kujifungua kama mama yuko salama hospitali na kuna ndugu wa kumwangalia. Zianzeni siku anaporuhusiwa kutoka, mradi wiki haijapita. Hapo ndipo maji ya moto yanahitajika, nepi za kufua zipo, na mkubwa anatakiwa apelekwe shule.

Sheria imesema baba wa mtoto. Haikusema mume. Ofisi ikikudai cheti cha ndoa, waonyeshe kifungu. Wanaweza kudai uthibitisho unaofaa, na tangazo la kizazi unalopewa hospitali linatosha kuanza nalo mazungumzo. Lakini na nyie, kaka zangu, tusidanganyane. Tunapokwenda mezani kudai baba aongezewe siku, mwajiri anatujibu kwamba hizi tatu zenyewe wengi hamzichukui, na waliozichukua walionekana kijiweni wakicheza bao. Mnatuvunjia hoja. Chukueni siku zenu, kwa barua, muwe nyumbani. Takwimu za ofisi zionyeshe kwamba zinachukuliwa, ndipo tutakapodai 14 kwa sauti kavu.

Kuna ndugu amesimama hapo akasema waajiri wadogo wanaumia, mwenye wafanyakazi watano akikosa mmoja kwa wiki 12 na bado anamlipa, anaapa hataajiri tena mwanamke. Hoja hiyo siipuuzi. Mzigo ukimkalia mwajiri mmoja mmoja, atautua kwa mabinti wanaoomba kazi. NSSF ina fao la uzazi kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya michango, kaliulizieni, wengi mnaliacha hukohuko. Lakini mimi ningependa twende mbali zaidi ya hapo. Rwanda mwaka 2016 walitunga sheria ya mfuko wa likizo ya uzazi: mfanyakazi anachangia asilimia 0.3 ya mshahara, mwajiri asilimia 0.3, wanaume na wanawake wote, na mfuko ndio unaobeba sehemu ya pili ya malipo ya likizo. Kwa anayelipwa laki tatu, asilimia 0.3 ni shilingi 900 kwa mwezi. Bei ya soda, tena soda moja. Hili viongozi wetu wa juu walibebe Dodoma. Likipita, mwajiri hana tena kisingizio cha kumtazama binti tumboni.

Yamebaki maswali mawili yaliyoletwa kwa vikaratasi. La kwanza, vibarua. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana likizo yenye malipo, ndivyo ilivyo, na ni kifungu kibaya kwa watu wa hapa. Lakini wa msimu hakimgusi. Na anayeachishwa na kurudishwa, akitolewa Machi na kuitwa Mei kwa mwajiri huyohuyo, vipindi vyake vinajumlishwa. Vikizidi miezi sita ndani ya mwaka, ana haki. Tunzeni hati za malipo, hata zile za vipande vya karatasi zenye namba tu. Anayelipwa kwa simu, ujumbe wa malipo usiufute.

La pili limeandikwa kwa mwandiko mzuri, halina jina: "Je, dada wa kazi nyumbani kwangu naye ana hizo siku 84?"

Anazo. Sheria hii inawahusu waajiriwa wote Tanzania Bara. Iliowatoa ni wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Dada anayebaki na mtoto wako ili wewe uje kusimama kwenye mashine ni mwajiriwa, na mwajiri wake ni wewe. Najua wengi wenu hapa, yule dada akionekana ana mimba, anafungashiwa begi na kupandishwa basi la mkoani jioni hiyohiyo. Nimeona minong'ono hapo mbele, nawaelewa, mshahara wenu wenyewe ni wa kuungaunga. Tukae tulizungumze siku nyingine tutamlipaje. Ila mkataba wake andikeni wiki hii. Mifano ipo pale kwenye meza ya katibu, pembeni ya mifano ya barua ya uzazi. Chukueni nakala mbili za kila moja.